Mashuka ya Pietralenta

Alhamisi moja ya mwaka tisini na tano, saa kumi alasiri, kamati ya safari ilikaa kikao chake cha nne katika darasa la katekesi, ikiwa na chupa ya chai, sahani ya karanga na ajenda tano. Ajenda ya tatu ilikuwa kupumzika. Padre Ottavio, aliyezeekea katika parokia ile ya kando ya ziwa kisha akarudi kwao Italia kufa, alikuwa ameacha wosia kwamba watu wake wa Mwanza waalikwe kijijini kwake, Pietralenta, wakae wiki mbili bila kufanya lolote. Barua ya mwaliko iliandikwa na dada yake, Assunta. Kijiji kilikuwa na nyumba arobaini za mawe, kanisa moja, na baa moja iliyofungwa mchana ili mwenye baa alale.

Wanakamati wale wanane hawakuwahi kukaa bila kufanya lolote, kwa hiyo waliona ni jambo la kupangiwa ratiba. Celestina, katibu, ambaye kazi yake ilikuwa uuguzi, aliandika: siku ya pili, saa nne hadi saa sita, kukaa kivulini, saa nane hadi saa kumi, kulala. Mashimba, wakala wa sangara ambaye tangu biashara iwe huria hakuwa amelala mchana hata siku za msiba, aliuliza kama mtu anaweza kupumzika haraka haraka akamaliza mapema. Alijibiwa kwamba haiwezekani. Siku ya pili ikapitishwa kwa mikono minane, na mwenyekiti, Mwalimu Rutashobya wa katekesi, akasaini.

Asubuhi iliyofuata Mhoja alikuta mashuka manane na foronya nane kwenye beseni lake. Yalikuwa yamelaliwa. Mhoja alimpikia na kumfulia Padre Ottavio miaka thelathini na mmoja, na paroko mpya alipokuja na mpishi wake, yeye akabaki kufulia watu nguo ziwani. Hakuuliza mashuka yametoka wapi. Beseni likijaa, mtu hufua. Yalinukia jani asilolijua. Aliyasugua ufukweni, akayatandaza juu ya mawe makubwa, jioni akayapiga pasi ya mkaa na kuyapanga kwenye benchi la sebuleni. Kulipokucha hayakuwepo.

Kikao kilichofuata kilipitisha siku ya tatu, yenye matembezi mafupi na mlo mrefu. Kesho yake beseni lilikuwa na mashuka mengine manane, na juu yake vitambaa vya meza vyenye madoa ya nyanya na mvinyo.

Habari zilifika kwenye kamati chini ya Yatokanayo. Celestina alikuwa ameshapita kwa Mhoja na daftari lake, akalinganisha, na kila kitu kilikubaliana: siku ikishapitishwa na kusainiwa, uchafu wake unamfikia Mhoja kesho yake asubuhi. Assunta alikuwa ameandika kwamba nyumbani kwake mashuka hubadilishwa kila siku, kwa hiyo hata hesabu ya mashuka ilikuwa sahihi. Mashimba alisema haoni cha kushangaza. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya na mapanki, vichwa na mifupa, yanabaki kwetu. Sasa usingizi utakwenda Ulaya na mashuka yabaki kwetu, na siku hizi kila kitu ni ruksa. Watu walicheka. Ilipendekezwa Mama Mhoja apelekewe sabuni, likaungwa mkono. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na kweli halikuharibika. Lilikaa palepale lilipokuwa.

Rutashobya hakucheka. Yeye aliijua barua.

Alikuwa amesoma seminari ujanani, kule kwao Bukoba, akatoka bila upadre lakini na Kiitaliano, na katika parokia nzima hapakuwa na mwingine wa kukisoma. Barua ilisema: aje kwanza Mhoja, na wengine saba mtakaowachagua. Siku alipoitafsiri mbele ya waumini baada ya misa, alifika kwenye sentensi hiyo, akainua macho, akamwona mkewe Kokulinda benchi la tatu, na mdomo wake ukasoma: waje wanane mtakaowachagua. Haikuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya. Wiki iliyofuata Kokulinda alichaguliwa, wa nane. Kwa Assunta, Rutashobya aliandika kwamba Mhoja anashukuru sana ila anaogopa ndege.

Si kwamba Kokulinda hakustahili. Alikuwa amelea watoto sita, na mumewe alipopunguzwa kazini kwenye pamba, ni maandazi yake yaliyolipa ada zote. Tangu harusi yao hakuna aliyemwona amekaa kabla jua halijazama. Hilo ndilo lililomtesa Rutashobya. Angekuwa na mke mvivu, angeirudisha ile nafasi siku ileile na kulala usingizi wake. Sasa alikuwa na haya iliyomfuata kila mahali. Aliona haya akinywa chai ya kamati, akaona haya zaidi aliposhika kalamu, kwa sababu alijua sahihi yake inaangukia beseni la nani. Na bado alisaini, siku ya nne, ya tano, ya sita, kwa kuwa mwenyekiti asiyesaini huulizwa kwa nini.

Majina yalitakiwa kupelekwa Dar es Salaam Ijumaa kwa ajili ya viza. Jumatano Rutashobya alishuka ziwani. Alikuwa ameamua kusema, na njiani alikuwa ameyapanga maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu," alisema Mhoja, akampa ncha ya shuka, kwa sababu shuka bichi hukamuliwa na watu wawili.

Walisokota, huyu kulia na yule kushoto. Mhoja alikuwa katika hali ya kuongea. Alisema sasa anawajua wote kwa mashuka yao. Mashimba anapiga mateke mpaka kitambaa kinachanika. Celestina anatandika mwenyewe akiamka, malezi ya wodini. Kisha akaligonga kwa kidole lile walilolishika.

"Hili ni lako. Wewe hulali huko, Mwalimu. Unagaragara tu mpaka asubuhi."

Rutashobya aliuliza juu ya shuka la nane.

"La Mama Koku? Halina hata kunjo. Huyo analala kabisa. Mpaka nafurahi nikilifua."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye shuka, yakaingia kwenye viatu vyake. Maneno aliyoyapanga yote yalikuwepo, kwa mpangilio wake, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia. Mhoja ndiye aliyetangulia.

"Kwenye ile barua, Padre hakunitaja?"

"Alikusalimu," alisema Rutashobya.

Mhoja aliitikia kwa kichwa taratibu. Alisema anashukuru. Alikuwa anajua Padre hawezi kumsahau hivi hivi, miaka yote ile. Akainama kuchukua shuka jingine.

Ijumaa, kabla majina hayajatiwa kwenye bahasha, kamati ilifika kwenye Mengineyo, na Rutashobya akasimama. Alikuwa na barua mkononi. Alisema ana jambo linalomhusu Mama Mhoja na ambalo linamnyima usingizi. Kokulinda alimwangalia kwa upole, amelikunja mapajani koti la mtumba alilolinunua Nyamagana, lililomkaa vizuri kama lililoshonwa kwa ajili yake. Rutashobya akapendekeza kwamba mashuka yabadilishwe mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

Lilipita kwa mikono minane. Wajumbe kadhaa walisema walikuwa wanalifikiria hilo hilo, na mmoja alimshika mwenyekiti bega akimsifu kwa kuwajali wanyonge. Watu walirudi makwao wamefarijika. Bahasha ilikwenda.

Azimio lilifanya kazi. Beseni la Mhoja lilijaa mara mbili tu tena, ingawa mashuka yalikuwa machafu zaidi, na siku zote kumi na nne zikawa zimepitishwa. Shuka la Rutashobya tu ndilo halikutii kikao. Liliendelea kuja kila asubuhi, hata zilipokwisha siku za kupitisha, limeloa jasho na kusokoteka lenyewe kama limeshakamuliwa. Kamati iliarifiwa, ikapokea taarifa.

Siku ya kuondoka, gari likiwa limesimama barabarani na masanduku juu, Rutashobya aliteremka tena ziwani, safari hii amevaa suti. Mhoja alimwambia asijichafue. Yeye alishika ncha ya shuka lake, wakalikamua mpaka likaacha kudondosha.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Kwa lipi?"

Sentensi ya Assunta ilikuwa mdomoni mwake, nzima, kwa lugha zote mbili. Juu barabarani dereva alipiga honi.

"Kwa mashuka."

"Mashuka nimekusamehe," alisema Mhoja. "Hayo ni kazi tu. Nenda kapumzike, Mwalimu."

Kwa miaka ishirini Rutashobya aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba anayeficha dhambi moja kwenye kitubio hutoka na zote alizoingia nazo. Aliwauliza swali hilo kila mwaka, na kila mwaka walilipata. Alimshukuru Mhoja, akapanda mlima mdogo hadi kwenye gari, ambako Kokulinda alikuwa amemwekea nafasi ya dirishani.

Mhoja alilitandaza shuka juu ya mwamba, akaliwekea mawe kwenye pembe zote nne, akatazama jua. Lingekauka kabla ya saa nane, na la kesho lingefuliwa kesho.