Karani Asiyegusa Sakafu

Saa mbili na robo asubuhi, karani wa masjala ya hospitali alikuwa usawa wa rafu ya saba akitafuta faili la mgonjwa wa nyonga. Miguu yake haikuwa imegusa sakafu tangu Jumanne. Wenzake walipopita chini yake waliinamisha vichwa wasigongwe na viatu, wakaendelea na kazi.

Ilianza na wasiwasi. Miaka mitatu nyuma moyo ulikuwa ukimwenda mbio bila kufukuzwa na mtu, pumzi zikimkatika kwenye foleni ya benki. Daktari akamwandikia vidonge vya wiki mbili. Alipomeza cha kwanza akatulia, akaelea juu ya sakafu upana wa kidole. Mkuu wa masjala aliliona hilo, akaziona na rafu za juu. Wiki mbili zilipokwisha, ni yeye aliyepeleka cheti cha dawa kwa rafiki yake mfamasia, na akapeleka tena kila mwezi. Jamani, wema gani huo!

Mwili nao si mjinga. Ulivizoea vidonge, akaanza kushuka, na wasiwasi ukawa unamsubiri chini palepale ulipoachwa. Ndipo alipoanza kusindikiza kidonge kwa pombe kali: kifuniko kimoja, kisha viwili, kisha chupa. Akapanda mpaka dari. Mkuu akamsifu mbele ya watu.

Jumapili moja mchana wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta amegandamana na dari ya sebule, midomo imekuwa ya bluu, amesahau kuvuta pumzi. Akamvuta kwa pindo la gauni, akamzaba makofi mpaka akakohoa.

"Mimi sikuziki, wifi," alisema huku akilia kwa hasira. "Na kwa hali hii hata kaburini hutakaa. Kesho kliniki, utake usitake."

Nesi wa kliniki alimpima uzito. Kilo tatu.

"Nimeshaona wa kilo mbili," nesi alisema, akaandika. "Sasa sikiliza. Usiache ghafla, utapata degedege ufe. Tutapunguza vidonge robo kwa robo, na pombe pia mbele ya macho yangu. Uje kila Ijumaa."

Akawa anashuka kidogo kidogo. Alitetemeka, alitoka jasho, alilia chooni akafuta uso akarudi mezani. Mkuu akamjia na sauti ya asali.

"Dada yangu, mafaili ya juu nani atayatoa?"

"Nunueni ngazi."

"Bajeti hakuna. Meza kimoja tu, unateseka bure."

"Nateseka, ndiyo. Lakini mateso haya ni yangu, bosi. Yale ya kule juu yalikuwa yako."

Alhamisi moja saa tano nyayo zake zikagusa vigae. Vilikuwa vya baridi. Wasiwasi ulikuwepo, ukampanda kifuani kama kawaida yake. Akashika ukingo wa meza, akahesabu pumzi kama nesi alivyomfundisha, akaendelea kugonga mihuri. Alijisikia mzito, na alifurahi mno.

Jumatatu mkuu akaleta karani mwingine kutoka idara ya malipo, baba wa watoto watatu ambaye hakuwa amepata usingizi tangu mkewe apasuliwe. Akampa kidonge kwenye kikaratasi. Kufika saa sita visigino vya yule baba vilikuwa vimeachana na sakafu.

Karani wa masjala akaacha muhuri, akaenda kumshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili.

"Mwachie," mkuu alisema. "Kuna mafaili thelathini yanasubiriwa."

"Simwachii."

"Tazama unavyotetemeka!"

"Natetemeka," alikubali, akakaza mikono.

Yule baba akatazama chini, akauliza kwa upole kama saa ya chakula imefika. Mkuu akampa kidonge cha pili, naye akameza kwa adabu. Mvuto wa kwenda juu ukazidi, viganja vya karani vikaanza kuteleza kwa jasho.

"Mguu wa pili nani?" aliita.

Mpiga chapa akasukuma kiti chake nyuma, akaja akaushika.

Mkuu akaingia ofisini kwake, akainua simu, akaiomba idara ya malipo mtu mwingine mwenye shida ya usingizi.

"Mlete," karani alimwambia kupitia mlango uliokuwa wazi. "Mikono ipo."