Stika ya Kijani kwenye Jagi la Bosi

Ofisini kwetu Miyuji kila kitu kina stika ya kijani, hata saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka juzi. "KIMEPIMWA. SALAMA." Bwana Rodgers, mkuu wetu wa utawala, alizibandika mwenyewe siku mbili kabla fundi hajaja kupima. Alisema anamrahisishia kazi. Mimi, Asnath wa masijala, ndiye niliyemkatia stika hizo kwa mkasi, kwa hiyo nacheka lakini nami nimo.

Stika moja tu iliniuma roho, ile ya jagi la umeme la jikoni. Ni jagi la chuma linalong'aa, ambalo Bwana Rodgers alirudi nalo kutoka safari ya kikazi ng'ambo akalikabidhi ofisi kwa hotuba ya dakika ishirini. Plagi yake ina pini mbili. Ili iingie kwenye soketi zetu, Mama Sikudhani, mpishi wetu wa chai, huchomeka kwanza kofia ya kalamu kwenye tundu la juu. Ile pini ya tatu, ya usalama, haipo kabisa. Na jagi linapiga shoti.

"Linauma kidogo tu," Mama Sikudhani alikuwa akisema, kama anayemtetea mbwa wa jirani.

Kisha jiko likawekwa marumaru nyeupe, na Bwana Rodgers akaamuru viatu vibaki nje. Ofisini kwake ni hivyohivyo, hata wageni wakubwa huingia na soksi. Mama Sikudhani akawa anadeki, halafu anachemsha chai pekupeku juu ya sakafu mbichi. Alijitafutia kipande cha ubao akawa anasimama juu yake. Bosi akauona, akautupa, akasema unaharibu mandhari. Wiki ile nilimkuta mama wa watu amekaa chini, mkono umekufa ganzi hadi begani, anatabasamu kwa aibu kana kwamba kosa ni lake. Niliogopa. Shoti nyingine kama ile ingetuachia msiba.

Fundi Athuman alikuja Jumatatu na kipimo chake cha njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Busi."

"Mimi wa Kolo, jirani zenu. Basi nipimie hili kama unampimia mamako."

Athuman alilipima mara mbili. Kipimo kikalia mara zote mbili. Akabandua stika ya kijani, akaweka nyekundu, na Bwana Rodgers akatokea mlangoni kana kwamba ameitwa.

"Jagi hilo lilikuwa na stika tayari."

"Niliiona, bosi. Alilipima nani?"

"Ripoti yangu haiwezi kwenda juu ikiwa na nyekundu. Jagi limechemsha chai miaka miwili na hakuna aliyekufa." Akaibandua nyekundu, akarudisha kijani, akaikandamiza kwa kidole gumba.

Athuman hakubishana. Alimsogezea fomu. "Basi tia sahihi hapa, kwamba wewe mwenyewe umehakikisha ni salama."

Bwana Rodgers akatia sahihi, akapiga na mhuri. Mhuri kwetu hausahauliki.

Ilipofika saa nne ya chai, Mama Sikudhani alideki ofisi ya bosi kama kawaida yake, kisha akarudi amelibeba jagi kwa kitenge, limejaa maji. Akachomeka kofia ya kalamu, akachomeka plagi, akaliweka mezani pembeni ya mafaili.

"Nini hii, mama?"

"Chai, bosi. Si umelitilia sahihi? Mkono wangu bado una ganzi, kwa hiyo leo utajimiminia mwenyewe."

Tulikuwa tumejaa mlangoni, Athuman akiwemo, viatu vyetu vimepangwa kizingitini. Maji yakaanza kunguruma. Bwana Rodgers akalitazama jagi, akaitazama sakafu iliyolowa, akazitazama soksi zake. Taratibu akainua miguu yote miwili, akaikunja juu ya kiti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Nileteeni viatu vyangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Humu ni viatu nje, bosi," akajibu Mama Sikudhani.

Athuman alizima swichi ukutani, akachomoa plagi, akaweka mezani fomu mpya na stika nyekundu. Bosi alitia sahihi miguu ikiwa bado juu.

Ripoti iliyokwenda juu inasema hatari hiyo iligunduliwa na Mkuu wa Utawala binafsi, kwa umakini wake. Amepewa cheti, amekitundika chini ya ile saa iliyosimama. Sisi tumepata jagi jipya lenye pini tatu, na Athuman alilipima mbele ya Mama Sikudhani kabla halijaguswa na mtu.

Siku hiyo mama aliingia jikoni na viatu vyake vya kwendea sokoni, vina vumbi jekundu. Alikanyaga marumaru nyeupe kutoka mlangoni hadi kwenye soketi. Bwana Rodgers aliziona nyayo zile, akapokea kikombe chake, akashukuru.