Sukari ya Pili

Doris alifungua kabati la jikoni, akaishika chupa ya plastiki na kuibonyeza kwa kidole gumba. Haikubonyea. Akaijaribu kwa kiganja kizima. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na kitako chake kilikuwa kimetokeza nje kiasi kwamba alipoiweka mezani haikutaka kusimama.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Bia aliyoipika mwenyewe kwa mtama aliijaza Jumapili: chupa arobaini na tano za kioo za nusu lita, na hii moja ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa. Kioo hakisemi kitu mpaka kipasuke, lakini plastiki unaibonyeza ukajua gesi imefika wapi. Kwa hesabu yake, hii ilipaswa kuanza kukaza Ijumaa na kuwa ngumu namna hii wiki inayofuata. Ubatizo wa mwanawe Amani ulikuwa Jumapili ya pili, na bia ilikuwa ya wageni wa ubatizo.

Joto, alijiambia. Mtwara hii ya Desemba inaivisha hata kisichotaka kuiva. Lakini moyo haukumkubalia, kwa sababu joto alilipigia hesabu.

Na Doris kwa hesabu humwambii kitu. Alikuwa msimamizi wa maabara ya shule ya sekondari, mtu wa kupima kila kitu hadi chumvi ya mboga, na mumewe Fredi, mwendesha winchi wa bandarini, alimtania kwamba hata busu atalipima. Sukari ya kutilia gesi kwenye bia aliichagua kwa siku mbili. Jirani alimpa ya kahawia iliyovushwa mpakani Kilambo, tamu na yenye harufu ya miwa, akaikataa kwa adabu kwa sababu ingebadili ladha. Akaenda sokoni Chikongola kununua pakiti ya kilo moja ya sukari nyeupe, iliyofungwa kiwandani, si ile ya kupimiwa kwa kikombe. Lita ishirini na tatu, gramu sita kwa kila lita. Akapima gramu mia moja thelathini na nane kwa mizani aliyoiazima maabara, akaziyeyusha kwenye maji ya moto, akayapoza, akayamimina kwenye ndoo ya bia na kukoroga taratibu. Pakiti akaifunga kwa mpira na kuificha nyuma ya unga, isije ikaingia kwenye chai.

Sasa aliitoa hiyo pakiti. Mpira ulikuwa umefungwa, lakini mara mbili. Yeye hufunga mara tatu.

Mizani ilikuwa bado ipo. Akaiweka mezani, akasikia sauti ya mama mkwe wake uani akimwimbia mtoto kwa Kirombo. Ilipaswa kubaki gramu mia nane sitini na mbili. Akapima kwa mafungu mawili, akajumlisha, asiamini, akapima tena. Mia sita na kumi.

Gramu mia mbili hamsini na mbili hazipo. Na kama ziko mahali anapodhani ziko, basi kila chupa ilikuwa na sukari karibu mara tatu ya iliyostahili. Hiyo si bia tena. Jumapili, baada ya kukoroga, mtoto alilia, Doris akaenda kumnyonyesha, nusu saa nzima, na ndoo ikabaki na mama mkwe peke yake.

Hapo ndipo alipotambua kwamba wimbo umehama. Haukutoka uani tena. Ulitoka ndani, chumba cha nyuma, ukazidi kushuka, ukanyamaza.

Chumba cha nyuma ndicho pekee kisichopigwa na jua. Mama mkwe alilala humo tangu alipokuja kutoka Rombo, na chini ya kitanda chake, kwenye kreti mbili, zilipangwa zile chupa arobaini na tano.

Doris alikimbilia mlangoni, akasukuma. Komeo. Mama huyu alikuwa na kawaida ya kujikomelea kwa sababu upepo wa bahari uliupigapiga mlango. Akainua mkono agonge kwa nguvu, akaushusha. Mlango ule uligusana na mguu wa kitanda, na kishindo kingezifikia chupa. Akatoka mbio nje, akazunguka nyumba hadi dirishani, akachungulia kati ya nondo.

Mama mkwe wake, mama Agnes, alikuwa amelala ubavu, Amani kifuani pake, chandarua kimefungwa juu. Chini ya godoro, vizibo vilimeta gizani.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Mama, amka. Mlete mtoto."

Mama Agnes alifungua jicho moja. "Mama Amani, ndiyo kwanza kalala."

"Naomba umtoe humo. Sasa hivi, tafadhali."

"Saa ya kunyonya imefika? Umeisoma kwenye daftari lako la kunyonyesha?" Hakuinuka. Wiki nzima walikuwa wakivutana kuhusu mtoto: nani amwogeshe, apewe maji au asipewe, alale wapi. "Mjukuu wangu kulala kwangu dakika kumi nayo ni kosa?"

"Si hivyo, mama. Ni chupa. Zinaweza kupasuka."

"Zipasuke kwa nini? Ulisema umepima."

Doris alizishika nondo kwa mikono miwili. "Mama, Jumapili uliongeza sukari kwenye ndoo?"

Akajuta neno lilipomtoka. Uso wa mama mkwe ulifunga kama duka. Mwanamke huyu alipika mbege, pombe ya ndizi, miaka arobaini, akasomesha watoto watano kwa mbege, na hakuna mtu Rombo nzima aliyewahi kumuuliza ametia nini kwenye pipa.

"Mimi? Niguse ndoo yako mimi?"

"Sikulaumu, nataka tu kujua..."

"Sijagusa." Akageukia ukutani, kitanda kikalia, na chini yake chupa mbili zikagongana kidogo. Doris alifunga macho. "Kama sijagusa, basi hazipasuki. Niache nipumzike."

Jasho lilimtiririka Doris mgongoni. Aliielewa vizuri hesabu ile mpya, na ilimtia hasira hata akatamani kupiga kelele. Maadamu mama huyu anakana, hawezi kuamka. Akiamka tu, amekiri. Angeweza kumwambia habari za pakiti, mizani na mpira, ushahidi wote anao, angemshinda kabisa, na ushindi wenyewe ungemfanya alale pale pale kwa ubishi.

Akausogeza uso kwenye nondo.

"Mama, samahani. Nimekosea mimi."

Akashusha sauti zaidi.

"Nimepima vibaya. Nimeangalia mizani sasa hivi nikaona. Nimeweka sukari nyingi mno, mimi mwenyewe. Nimeona haya kusema, ndiyo maana nikakuuliza wewe."

Mama Agnes aligeuka polepole. "Wewe? Na mizani yako ile ya shule?"

"Mimi, mama."

"Hm!" Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyengoja siku nyingi. "Nilimwambia Fredi. Pombe haipimwi kwa vyuma." Na hapo, Mungu ni mwema, akaketi. Akamwinua mtoto, akatafuta ndala kwa miguu, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia. Akasimama. Akaanza kupekua shuka.

"Mama, njoo!"

"Kofia ya mtoto iko wapi?"

"Iache!"

"Kichwa wazi, na upepo wote huu?" Aliinama kuchungulia chini ya kitanda, nyuso zao wawili zikishuka pamoja kuelekea kwenye vizibo.

"Ninayo!" Doris alidanganya kwa mara ya pili, akaificha mikono mitupu chini ya dirisha. "Ninayo hapa, mama, njoo!"

Komeo likatoka. Doris alikuwa ameshazunguka. Akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika mama mkwe kiwiko, akawavuta ukumbini, wakatoka nje, wakavuka uani. Walikuwa wamefika kwenye ua wa makuti nyumba iliposema *paa!*, kisha mvua ya vigae vya chupa, kisha *paa, paa*, mbili kwa pamoja.

Mama Agnes alisimama wima.

Mwanaisha, jirani yao, alitoka akiwa na upawa mkononi. "Gesi hiyo?"

"Chupa," Doris alisema. "Za bia."

Mwanaisha alimtazama, akamtazama mtoto, akatandika mkeka barazani kwake. "Astaghfirullah. Kaeni. Hayo ya pombe mtayamaliza kwenu, lakini mtoto akae kivulini." Akaingia ndani kwake na kuwaacha.

Wakakaa. Amani alikuwa ameamka, akinyonya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kule chumbani ikapasuka nyingine.

"Vikombe vinne," alisema mama Agnes.

Doris hakugeuka.

"Vile vya kahawa. Niliionja, nikaiona imelala, haichemki. Kwetu pombe ikilala unailisha." Alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga. "Watu wa kwetu wanakuja wote, mama Amani. Wangesema mke wa Fredi kawanywesha maji ya mtama. Sikutaka wakuseme."

Hasira aliyoimeza dirishani ilimpanda Doris yote kwa mkupuo. "Ungeniulia mwanangu! Nimekuuliza ukakana, naye yuko kifuani kwako!"

"Nimekana, ndiyo." Sauti ya mama Agnes ilikuwa ndogo, lakini hakuyaondoa macho. "Na aliyezipanga chini ya kitanda nilichopewa kulalia ni nani?"

Doris alifungua mdomo. Chumba kina baridi, alitaka kusema. Hakuna pengine pasipo na jua. Lakini hilo lilikuwa jibu la swali jingine. Alijua kwamba chupa hupasuka, alisoma, alifundishwa, ndiyo maana alipima hadi gramu ya mwisho, na mama huyu alipouliza Jumapili ile kreti ni za nini, alimjibu, "Ni bia tu, mama."

"Hukuniambia," alisema mama Agnes.

"Sikukuambia."

Ikapasuka nyingine, kubwa kuliko zote, na kioo cha dirisha kikaanguka. Wote wawili walijitupa juu ya mtoto kwa wakati mmoja, vichwa vikagongana kwa kishindo. Amani akaliachia ziwa na kulia. Mama Agnes alikuwa amemfunika Doris kichwa kwa kiganja chake, na Doris alikuwa amelishika bega la mama mkwe wake kwa nguvu zote. Hakuna aliyeachia. Walibaki wameinama hivyo juu ya mkeka wa watu, mtoto akiwalilia katikati, wakingoja inayofuata.