Pedi za Jumapili

Mwaka 1986 daraja la Kilifi lilikuwa bado halijajengwa. Mji ulikuwa upande huu wa mkono wa bahari, mashamba ya mkonge upande ule, na katikati palikuwa na feri. Musembi alivuka kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa karani wa shamba moja la mkonge. Mkewe, Hannah, alifundisha shule ya msingi huko huko ng'ambo, basi walikwenda pamoja kwa gari lao, Datsun nyeupe ambayo Musembi aliipenda kupita kiasi. Walikuwa Wakamba waliokuja pwani kwa ajili ya kazi wakapazoea. Mimi ni Mgiriama wa Vitengeni, naitwa Kenga. Nilikuwa na gereji karibu na soko, na watu walinijua kwa breki.

Ndani ya lile shamba palikuwa na kiwanja cha ndege kilichoachwa, lami yake imepasuka lakini imenyooka. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi wenye magari walikusanyika pale kujaribu mwendo: daktari wa meno, mwenye duka la vyuma, walimu wawili watatu, na Musembi. Hapakuwa na zawadi. Kila mtu alikuja na gari lake la kuendea kazini, mapipa yakapangwa, mmoja akashika saa. Unakwenda mbio mpaka mwisho wa kiwanja, unafunga breki, unazunguka pipa, unarudi. Mara tano.

Mara ya kwanza Musembi alirudi kwangu uso umemshuka. "Mzunguko wa tatu, Kenga, mguu ulizama mpaka chini. Nimelipita pipa nikaingia kwenye mkonge."

Nilivua magurudumu ya mbele nikaona. Diski zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, yamechemka. Pedi, yaani vile vibao viwili vinavyoibana diski mpaka gurudumu lisimame, zilikuwa zimeungua zikawa laini juu kama kioo. Gari la kwenda kazini halikutengenezwa kwa mchezo ule.

Nikaifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, sitaficha. Niling'oa bati zinazofunika diski kwa nyuma ili upepo upite. Nilibadilisha mafuta yote, nikatoa hewa gurudumu moja moja. Halafu nikamtafutia, kwa rafiki yangu wa Mombasa anayetengeneza magari ya safari rali, pedi ngumu za mashindano.

Pedi za namna ile huwezi kuzifunga ukaondoka. Lazima zichomwe taratibu ziizoee diski. Tukatoka watatu jioni moja kwa barabara ya Malindi, mimi nikiendesha, Musembi kando yangu, Hannah nyuma na karanga zake ndani ya karatasi. Nilikuwa nakwenda kasi, nafunga breki, nakwenda tena, nafunga tena. Kila nikifunga karanga zinamwagika.

"Shemeji," akasema Hannah, "mimi nimeletwa kutembezwa au kutikiswa?"

"Vumilia, shemeji. Bado hazijashika."

"Mbona za zamani zilishika tu?"

Nikamweleza. Pedi hizi zinataka joto. Zikiwa moto, gari litasimama hata mzunguko wa kumi. Zikiwa baridi ni kama umefunga vipande vya ubao. Kwa hiyo ni za Jumapili tu. Jumapili asubuhi nazifunga, jioni nazitoa, narudisha za kawaida, na Jumatatu mnakwenda kazini salama.

"Umesikia, baba?" Hannah akamgusa mumewe begani. "Za Jumapili tu."

"Nimesikia."

Tukafanya hivyo miezi mitatu. Musembi aliongeza mwendo, na breki zilimtii. Mwezi wa tano, Jumapili ya mwisho, alimshinda hata yule daktari wa meno aliyekuwa na gari la injini kubwa. Watu walimpigia makofi, kisha wakanipigia mimi. Mwenye duka la vyuma alinishika mkono akaniambia mbele ya wote kwamba hajaona fundi kama mimi pwani yote. Hannah alikuwa amesimama kando ya mapipa na kofia ya ukili, anacheka, anampungia mumewe mikono yote miwili.

Tulivuka feri, tukafika gereji yapata saa kumi na moja. Musembi alishuka akafungua buti, mle nilimoziweka pedi za kawaida zimefungwa kwa gazeti.

"Tubadilishe sasa?"

Rafiki yangu Garama alikuwa na mnazi, pombe iliyogemwa siku ile ile, na tulikuwa tumekubaliana kwenda kwake. Tayari watu walikuwa wananingoja wanisikie nikisimulia. Nilitazama jeki, nikatazama mikono yangu.

"Kesho," nikamwambia. "Zimepata moto vizuri. Njoo nazo saa kumi ukitoka kazini. Asubuhi ukiendesha, gusagusa breki njiani zipate joto."

Alisita. "Una hakika?"

"Musembi, nani amezifunga?"

Akacheka, akawasha gari. Hannah aliniaga kwa kidirisha.

Usiku mvua ilianza na asubuhi ilikuwa bado inanyesha. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Musembi mwenyewe, na kwa wengine waliokuwapo.

Aligusagusa breki tangu nyumbani kama nilivyomwagiza. Lakini kwenye kivuko walikuta foleni. Walikaa pale juu ya mteremko karibu saa nzima, injini imezimwa, maji yanatiririka kwenye magurudumu, na zile bati za kuzuia maji nilikuwa nimezing'oa mimi. Feri ilipofika, abiria walishuka kutoka kwenye magari kama ilivyokuwa kawaida, waingie kwa miguu, dereva abaki peke yake. Hannah alichukua mwavuli na kikapu cha madaftari ya wanafunzi akatangulia.

Musembi aliruhusiwa kuteremka. Alikanyaga breki, gari halikusikia. Akakanyaga kwa nguvu zote, likazidi kwenda. Akavuta breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yakateleza juu ya saruji iliyolowa. Akapiga honi. Watu wote waliruka kando, huyu kulia, yule kushoto. Hannah hakuruka. Aliijua honi ile. Aligeuka, akainua mwavuli ili amwone mumewe.

"Alidhani namwita," Musembi aliniambia. "Kenga, alidhani amesahau kitu garini."

Mbele ya Hannah palikuwa na lori limesimama, gari likambana hapo. Alifika hospitali angali anapumua, akafariki saa tano asubuhi.

Kesho yake polisi waliniita nilitazame gari. Askari mmoja alikuwa ameliendesha kutoka kivukoni mpaka kituoni, akalizungusha mjini kulijaribu. Breki zilikuwa zimepata joto, zikashika vizuri.

"Wewe ndiye fundi wake," akasema yule askari. "Gari hili lina kasoro?"

Musembi alikuwa amekaa kwenye benchi, shati lake lina damu iliyokauka. Alinitazama, kisha akatazama sakafu.

"Halina kasoro, afande," nikasema.

Wakaandika kwamba dereva aliteremka bila uangalifu wakati wa mvua. Hannah alisafirishwa kwao Ukambani kuzikwa. Sikwenda. Nilisikia kwamba mamake, Mama Mueni, alimzuia Musembi asitie mchanga kaburini. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba amemuua mwanawe kwa tamaa ya mwendo, na hataki kuuona uso wake tena.

Musembi alirudi Kilifi mara moja tu, kuchukua vyombo. Alipita gereji. Nilimwambia nitakwenda kwa Mama Mueni nikaseme ukweli.

"Useme nini?"

"Kwamba uliniuliza. Kwamba ulitaka zitolewe."

"Mguu ulikuwa wangu," akasema. "Na nilijua. Sote wawili tulikuwa tunajua." Akanipa mkono, akaondoka. Sijamwona tena.

Sikwenda mwaka huo, wala uliofuata. Nilikuwa na sababu nyingi: kazi, mvua, mtoto mgonjwa. Kiwanja kilikufa, maana baada ya Hannah hakuna aliyekuwa na hamu. Mwaka 1988 ndipo nilipokwenda Mtwapa, alikokuwa akiishi Mama Mueni katika chumba cha kupanga, akipika katika jiko la shule moja. Nilimkuta anachambua maharagwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Nilimwambia jina langu. Nikamwambia yote, tangu ile siku ya karanga mpaka mnazi wa Garama na maneno niliyomjibu yule askari. Mkono wake uliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe, kisha ukaacha.

"Musembi alikuuliza kama mzitoe?"

"Aliniuliza, mama."

"Nawe ukasema kesho."

"Nilisema kesho."

"Na nilipomfukuza kaburini, alikuwa anayajua haya?"

"Alikuwa anayajua."

Akaliweka sinia chini. Halafu akalia, bila sauti, machozi yanaingia kwenye mikunjo ya uso wake, wala hayafuti. Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia kwa kiganja.

"Usiniombe kitu leo," akasema. "Sina."

Aliniuliza Musembi yuko wapi. Nilimwambia nilivyosikia, kwamba anachunga ng'ombe wa nduguye kule Kitui na hafanyi kazi ya kalamu tena. Akaniambia nenda. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Kenga. Siku ile ya Jumapili mwanangu alikuwa na furaha?"

"Sana, mama. Alikuwa na kofia ya ukili. Alikuwa anacheka."

Akaitikia kwa kichwa.

Baadaye nilipata habari kwa mwalimu mmoja aliyefundisha na Hannah. Mama Mueni alipanda basi mpaka Kitui akamtafuta mkwewe. Alimkuta. Walikaa nje ya nyumba mchana kutwa, na jioni walikwenda pamoja kaburini. Alimwomba arudi pwani, angalau aishi karibu naye. Musembi alimshukuru, akamsindikiza mpaka kituo cha basi, akabaki kule.

Mimi bado ni fundi. Breki nazitengeneza, na mtu akiniletea kazi jioni sisemi kesho. Lakini si kwamba nimepona. Kila mvua ikinyesha Jumatatu asubuhi nafungua gereji, nakaa kwenye kiti, na huwa sishiki spana mpaka saa tano.