Mwonjaji wa Bibi Nargis

Jumapili ile Febronia hakutaka makubwa. Alitaka afike kanisani na tumbo tupu, apokee komunyo katika arobaini ya mumewe, kisha arudi alale mpaka jioni. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa mfiwa ambao hauishi hata ukilala.

Wadie, kinyozi wa mtaa, alianguka ghafla kazini na wembe mkononi. Alikufa akiwa hajapokea komunyo karibu mwaka mzima, na hilo ndilo lililomtafuna mkewe. Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo wengi wao husali, hakuweza kwenda kanisani, maana ndiyo siku vichwa vyote vya mji wao wa Minya vinapotaka kunyolewa. Jumapili alikwenda, lakini wenzake wakisogea mbele yeye alibaki benchi la nyuma anaangalia viatu vyake. Akiulizwa, alisema, "Acha tu." Febronia aliwaza kila baya: mwanamke, ugomvi na padri, imani kumwisha. Sasa aliamua apokee yeye, kwa ajili ya wote wawili. Hakuna aliyemwagiza. Moyo wake ulimwambia kwamba angalau mmoja wao afike mbele siku hiyo. Kwa hiyo tangu usiku hakugusa hata maji, kama desturi yao inavyotaka: aliyekula hapokei.

Alfajiri mlango ukagongwa. Alikuwa Marsil, nesi wa ghorofa ya chini, tayari amevaa sare.

"Dada Febronia, usinichukie."

"Uliniahidi leo uko nyumbani."

"Mwenzangu kashikwa na homa, wodi haina mtu. Mama yangu nimeshamchoma sindano yake ya sukari, lakini chakula kakataa. Anasema nimetia sumu."

"Si uonje mbele yake?"

"Nimekula nusu sahani. Anasema mimi hiyo sumu nimeshaizoea."

Febronia angecheka siku nyingine. Bibi Nargis, mama yake Marsil, akili zilikuwa zimemruka, na hakutia kitu mdomoni mpaka mtu anayemwamini ale kwanza. Tangu wiki ya msiba, mtu huyo alikuwa Febronia. Marsil alimwomba, naye akakubali. Hakuuliza nani alikuwa anamlisha kabla yake, mfiwa haulizi mengi. Ila kwa leo alikuwa amemwomba Marsil ruhusa mapema, tena mara mbili.

"Nenda kazini," alisema, na hakusema kwa upole.

Bibi Nargis alikuwa ameketi kitandani, kidevu juu. Febronia akamega mkate, akachovya kwenye maharage, akajifanya anatafuna.

"Meza," alisema Bibi.

"Nimemeza, mama."

"Fungua mdomo." Akachungulia. "Uko shavuni huo. Unanionaje, mimi mtoto?"

Akajaribu maji ya sukari, Bibi akayatema. Akambembeleza, akamkaripia, akamwapia kwa Bikira. Bibi alifunga midomo. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso na vidole vikatetemeka, na Febronia aliijua maana yake: sindano ile bila chakula hushusha sukari mpaka mtu azimie.

Hasira zikampanda, si kwa kikongwe tu. Siku moja, Bwana. Nimekuomba siku moja.

Akautoa mkate shavuni, akauweka katikati ya ulimi Bibi auone, akaumeza. Bibi akanyoosha mkono kupokea chake. Wakala wote wawili mpaka sahani ikaisha, na mmoja wao analia.

Kanisani alikwenda hivyohivyo. Jina la Wadie likasomwa pamoja na marehemu wengine. Wakati wa komunyo wifi yake, Evon, akajitanda kitambaa kichwani.

"Inuka twende."

"Siendi. Nimekula."

"Umekula? Arobaini ya kaka yangu?"

"Nimekula, Evon."

"Haya. Yeye kafa bila, na wewe tumbo limekushinda kungoja hata leo."

Wanawake wa benchi la mbele wakageuka. Febronia angeweza kueleza, lakini maelezo yanataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Akabaki ameketi, anaangalia viatu vyake, mpaka wote waliokwenda mbele wakarudi.

Mchana alishuka tena kwa Bibi Nargis na bakuli la dengu. Hakuwa na hamu ya mkate wala ya mtu. Akatia kipande mdomoni, akakizungusha.

"Unatafuna kama mbuzi," alisema Bibi. "Kinyozi alikuwa anakula vizuri."

"Kinyozi gani?"

"Yule wa juu. Wadie. Siku za kengele alikuja na shati lake jeupe, nywele mbichi, akakaa hapo ulipokaa. Nikimwambia meza, anameza. Nikimwambia rudia, anarudia. Hanuni kama wewe."

Febronia akamgeukia.

"Kila Jumapili?"

"Marsil alikuwa hayupo. Ulitaka nife?"

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimkataza. Yeye na Marsil wote. Niliwaambia, watu wakijua nani ananionjea, watamhonga. Nikisikia mmemwambia mtu, sili tena."

Febronia aliuweka mkate chini. Mwaka mzima alikuwa amempa mumewe mgongo kitandani. Asubuhi ile ya mwisho Wadie alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazi, akasubiri kuagwa kama kawaida, naye akamwambia, "Mtu asiyemtaka Mungu asinisubiri mimi." Wadie alifungua kinywa kama anayetaka kujibu. Kisha akakifunga, akashuka ngazi.

"Ungesema," alimwambia, kwa sauti, humo chumbani. "Mjinga wewe, ungesema tu."

"Unaongea na nani?" aliuliza Bibi Nargis, macho yake kwenye bakuli. "Mbona umeacha? Kuna kitu humo?"

"Hakuna kitu, mama."

Akamega kipande kingine, kikubwa zaidi, akakitafuna vizuri huku machozi yakimfika kidevuni. Akameza. Kisha akainama mbele ya kikongwe, akafungua mdomo wake wazi ili akaguliwe.