Kikande wa Don Fausto

Don Fausto Belliard hakuwa mtu wa kuzungumza nawe akiwa mbali. Alikusogelea mpaka ukaweza kuhesabu nywele za puani mwake, na pumzi yake ya asubuhi ilikuja na kitunguu saumu cha jana na sigara ya leo. Mirelys Tejeda, aliyemtunzia tangi la samaki kwa miaka sita, alikuwa amejifunza kuongea naye huku amegeuza uso pembeni, kama anayetazama samaki. Jumanne ile alikuwa juu ya ngazi, mkono mmoja ndani ya maji, Fausto alipokuja na kuanza kugonga kioo kwa pete yake.

"Usigonge, don Fausto. Nimekwambia mara ngapi?"

"Tangi langu, kioo changu. Hawa samaki wako wamelala, dada. Wateja wanakula wamewapa mgongo."

Lilikuwa tangi la maji ya chumvi, lita elfu nne, limejengwa kama ukuta kati ya ukumbi wa mgahawa na baa, barabara ya pwani pale Santo Domingo. Mirelys aliwajua wakazi wake kwa tabia. Palikuwa na kangaja wa buluu, mzee mwenye maringo. Palikuwa na vifuu wanane wa kijani waliokwenda kwa kundi, na kamba mwekundu aliyewasafisha wenzake meno. Chini mchangani waliishi mume na mke wa aina ile ya samaki wadogo wenye mdomo mpana, wanaojichimbia shimo. Wiki hiyo dume alikuwa amebeba mayai mdomoni. Siku ya tatu sasa alikuwa hajala. Aliyatoa kidogo, akayageuza, akayarudisha.

"Huyu anatapika?" Fausto aliuliza.

"Analea wanawe."

"Mdomoni? Ptuu! Uchafu gani huo. Sikiliza, nataka wapya. Wenye meno. Yule bwana wa mtaa wa pili kaweka papa mdogo, watu wanapanga foleni mpaka nje."

"Wapya tutaleta, nafasi ipo. Lakini lazima wapatane na hawa waliopo."

"Wapatane kwani wanafunga ndoa?"

"Wanapanga nyumba moja, don Fausto. Na nyumba hii haina mlango wa kutokea. Ukimtia mwenye mdomo mkubwa na mwenye mwili mdogo, usilaumu mtu kesho."

Fausto alicheka, akampiga begani kwa mkono wenye mafuta. Alama ya vidole ilibaki kwenye fulana ya Mirelys siku nzima.

Alhamisi walikwenda pamoja kwenye bohari la Wascar Polanco, muuza samaki wa mapambo kule kaskazini mwa jiji. Wascar alikuwa mtu wa mizaha, mwenye tumbo, na alimheshimu Mirelys kwa sababu hakuwahi kumdanganya akafanikiwa.

"Karibu, mama mkwe wa samaki!" alimwita. "Leo unamwozesha nani?"

"Kwanza nionyeshe wanaokula. Yule asiyekula mbele yangu simchukui."

Wascar akatia chakula, tangi baada ya tangi, na Mirelys akapita taratibu amekunja mikono. Alitazama tumbo kama limebonyea, macho kama yana ukungu, mashavu kama yanahema haraka. Kitatange mmoja wa manjano alikuwa mzuri wa kukatisha pumzi, lakini chakula kilimpita puani asigeuke.

"Huyu kavuliwa kwa dawa ya sumu, Wascar. Wiki mbili hamalizi."

"Dada, mimi nanunua tu. Siwaulizi walivyokamatwa."

"Ndiyo maana nakuuliza mimi."

Baada ya saa nzima alichagua wanne: pono wadogo watatu wekundu, wapole, wa kuogelea juu ambako hakukuwa na mwenyewe, na kangaja mmoja wa manjano, mdogo kuliko yule mzee na wa umbo tofauti, ili wasionane kama wapinzani. Alikuwa akiridhika moyoni aliposikia Fausto akipiga mluzi.

Fausto alikuwa amesimama mbele ya tangi la mwisho. Ndani palikuwa na kikande, urefu wa kiganja na vidole vyake, mweusi mwenye mabaka meupe makubwa tumboni na midomo ya njano kama aliyepakwa rangi. Alimkodolea Fausto jicho moja, kisha la pili.

"Huyu ndiye!"

"Huyo hapana. Huyo anaishi peke yake."

"Anakula nini?"

Na hapo Mirelys akafanya kosa. Aliipenda kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake ukimuuliza swali hujibu. Akamweleza jinsi kikande anavyopuliza maji mchangani kumfukua kaa, anavyomgeuza chali, anavyovunja gamba kwa meno. Wascar akatupa kaa mdogo. *Kra!* Fausto alipiga makofi kama yuko uwanjani na timu yake imefunga.

"Basi, basi, nimekuelewa," alisema wakitoka. "Wewe ndiye fundi."

Alikubali upesi mno, na Mirelys alilitambua hilo baadaye.

Samaki wapya huwekwa kando kwanza, wasije wakaleta maradhi. Mirelys aliwaweka wale wanne nyumbani kwake wiki tatu. Katikati ya muda huo Fausto alimpigia: asije Jumanne hizi mbili, ukumbi unapakwa rangi, mpishi Digna atawalisha. Mirelys aliamini. Jumapili ya mwisho aliwatia samaki wake kwenye mifuko yenye hewa, akaipanga ndani ya sanduku la kuhifadhi baridi, akaenda.

Ukuta haukuwa na rangi mpya. Ukumbi ulijaa watu, na wote walikuwa wamegeukia tangi. Kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa; bibi mmoja wa miaka themanini, amevaa taji la karatasi, amekalishwa mbele kabisa kama mgeni wa heshima. Fausto alikuwa juu ya ngazi ya Mirelys, ndoo mkononi.

"Mko tayari?"

"Tayariiii!"

Akamimina ndoo. Vilikuwa visamaki hai, vya maji baridi, vya kuuzwa kwa mafungu. Chumvi iliviunguza palepale, vikaanza kuzunguka vikitapatapa, na yule kikande wa bohari la Wascar akatoka nyuma ya jiwe. Hakuwa na haraka. Alikikata kimoja katikati, akaacha nusu ielee, akaenda kwa kingine. Watu walipiga kelele. Mwanamume mmoja aliyesimama karibu na Mirelys alicheka mdomo wazi, na ndani ya mdomo ule palikuwa na samaki wa kukaanga aliyetafunwa nusu, na mate, na kipande cha ndizi. Mirelys akamgeuzia mgongo.

Akatazama chini ya tangi. Kamba mwekundu alikuwa amebaki miguu miwili na ganda. Vifuu walikuwa watatu, wamejibana nyuma ya bomba la pampu. Kangaja mzee alikuwa hai, lakini mkia wake haukuwepo. Alikuwa akijisukuma kwa mapezi ya kifuani, akipinduka, akijiweka sawa, akipinduka tena. Pale palipokuwa na shimo la wale mume na mke wenye mdomo mpana palikuwa na bonde pana lililofukuliwa. Jike alikuwa amejikunja ndani ya chupa ya mapambo. Dume hakuonekana.

"Ahaa, fundi!" Fausto alimwona. "Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha! Umeleta wale? Watie, watie, watu wanangoja!"

Maneno yale, *aliyenifundisha*, yalimwingia Mirelys kama maji ya taka mdomoni. Kwa sababu yalikuwa kweli.

"Shuka kwenye ngazi yangu," alisema.

"Usinune, dada. Baharini si wanakulana?"

"Baharini kuna pa kukimbilia. Hapa wewe ndiye uliyefunga mlango, halafu unaita watu waje kutazama. Shuka."

Fausto akatabasamu kwa wateja, akashuka, akamsogelea kwa ile pumzi yake. "Unaniaibisha mbele ya wageni wangu."

"Wewe unanitia kichefuchefu, don Fausto. Miaka sita nimekuwa nikigeuza uso."

Akapanda. Alikunja mkono wa shati mpaka begani, akachukua wavu, akaanza. Hakuna mtu aliyeendelea kula. Kikande alimng'ata kidole, damu ikatoka kama moshi ndani ya maji, naye hakutoa mkono. Ilimchukua karibu saa moja kuwatoa vifuu watatu, yule jike na kangaja. Fausto alisema kwa sauti, "Chukua, chukua hizo takataka, hazina hata mikia," ili ionekane kwamba ni yeye aliyeamua.

Bibi mwenye taji la karatasi ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisukuma sahani yake. "Nipelekeni nyumbani," aliwaambia wanawe. "Mmenileta kuona uchafu siku yangu."

Kangaja mzee alikufa Jumatano, ndani ya beseni jikoni kwa Mirelys. Wengine walipona, na wale wanne wapya walibaki kwake.

Wiki sita baadaye Digna, mpishi, alipiga simu. "Shoga yangu, njoo tu. Harufu imefika mpaka kwenye wali. Wateja wanauliza kama choo kimeziba."

Mirelys alisema hatakwenda, kisha akamfikiria kikande. Yeye hakuchagua lolote.

Alipofungua mfuniko, aliinama akatapika ndani ya ndoo yake mwenyewe. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, yenye utando juu kama mtindi ulioharibika. Nyuma ya mawe palijaa mabaki ya visamaki vilivyotupwa, yameota ukungu mweupe. Kikande alikuwa amelalia ubavu, mabaka yake yamefifia, tumbo limeingia ndani.

"Vua pete," Mirelys alimwambia Fausto. "Kunja shati."

"Mimi? Ndiyo maana nakulipa!"

"Mimi nitapima maji na kutengeneza chujio. Ulichokitupa humo utakitoa wewe."

Akakitoa. Alitia mkono mpaka kwapani, akauchomoa na konzi ya uozo iliyomdondokea shatini, akageuka kando akikohoa, machozi yakimtoka. Mirelys hakumpa hata kitambaa. Alisimama na ndoo mpaka jiwe la mwisho.

Walibadilisha maji kwa siku nne, sehemu kwa sehemu. Siku ya tano kikande alichukua kipande cha kome kwenye koleo la Mirelys, akakitema, akakichukua tena. Ukumbi ulikuwa mtupu. Fausto alikuwa amekaa kwenye kiti mbali kidogo, kwa mara ya kwanza bila kusogea.

"Amekula," alisema. "Sasa tumwongezee nani? Chagua wewe. Unayemtaka."

"Hakuna."

"Tangi lote hilo, samaki mmoja?"

"Huyo mmoja ndiye uliyemtaka. Atakaa peke yake, utamlisha kome waliokufa, na hakuna atakayealikwa kutazama. Siku ukimwaga ndoo nyingine, simu yangu usiipige."

Digna alitoka jikoni na sahani ya samaki wa kukaanga, moto, ndizi pembeni, akamwekea Mirelys mezani kama zamani.

"Kula, mwanamke, umekonda."

Mirelys alikitazama chakula kile. Kilikuwa kizuri, na Digna hakuwa na kosa. "Nifungie," alisema, "nitakula nje." Akachukua ndoo na ngazi yake, akatoka, akala amesimama kando ya ukuta wa barabara ya pwani, mgongo ameupa mgahawa.