Pazia Lililopigwa Bandi

Haya aliniambia mke wa fundi cherehani mwenyewe, mwaka jana, tukianua nguo, wala hakunyanyua macho.

Mumewe alikuwa kafukuzwa kwao na wakubwa, miaka kumi na tisa nyuma. Nyumbani mwao neno la jambo hilo halikutajwa. Watoto walifundishwa kusema, "Baba yuko matembezini." Na kwa kuwa mtu wa matembezi hapigi misumari ukutani, fundi alishona nguo za watu zikashonekana, ila pazia la chumba chao alilipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikizia, ukivuta mara moja zinafumuka. Likilegea, hupiga nyingine.

"La nini kulishona? Tunaondoka."

Asubuhi moja alikwenda na mkewe ofisi ya uhamiaji kuongeza kibali cha kukaa. Karani akamrudishia fomu.

"Mzee, umeandika matembezini tena? Miaka kumi na tisa! Huyo unayemtembelea hajakuchoka?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi hakucheka, hakukasirika.

Karani akashusha sauti. "Wa matembezi sasa mwisho miezi mitatu. Andika uhamishoni, mzee wangu, utoke na kibali leo. Bila kibali hakuna chumba, Ijumaa mko nje."

"Nikiandika hivyo, si nimekubali kwamba sirudi?"

"Hilo silijui, baba. Mimi nagonga muhuri."

Mkewe akamsogezea kalamu. "Andika, Baba Pacha. Miguu inaniuma. Na wajukuu zako hata wakiota, wanaota kwa lugha ya hapa."

Akaandika, taratibu, kama anayejaza fomu ya jirani. Akangoja aone patamuuma wapi. Hapakuuma popote. Muhuri ukagongwa, karani akaita mwingine.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alishusha pazia, akavuta uzi, bandi zote zikatoka. Akaliweka chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Akapinda juu, akapinda chini, pembeni akarudia mara mbili, kama la mteja msumbufu.

"Limekuwa fupi," mkewe akasema.

"Litatosha."

Akalitundika. Jua la alasiri likabaki nje. Akajitupa kitandani na viatu vyake, usingizi ukamchukua pale pale. Mkewe akamvua kimoja, akamvua cha pili, akaviweka mlangoni. Kisha akaokota zile nyuzi za bandi sakafuni, akazifumbata, akajilaza ubavuni mwake, akalala.